Saba za Palepale

Nilirudi nyumbani Ijumaa asubuhi, nimetoka kusahihisha mitihani wiki nzima, macho yamevimba kwa miandiko ya watoto wa watu, nikamkuta wifi yangu uani anafua jezi ambayo haikuwa na hata doa. Aliifikicha utadhani imemtukana.

"Hujambo, wifi?"

"Sijambo, mkata majina."

Mimi si mtu wa kuvumilia mafumbo kabla ya chai. Niliweka begi chini nikamwambia aseme anachotaka kusema, na kama hana la kusema aniachie beseni nami nifue zangu.

"Chati yako imesema," alijibu bila kuinua uso. "Jani langu la kati ni ishirini na nne. La Fataki ni ishirini na sita. Kesho kwenye fainali yeye anaanza, mimi nashika chupa za maji. Si ndivyo ulivyopanga na chaki zako?"

Mume wangu, ambaye ndiye kaka yake, alichungulia dirishani, akatutazama, akarudisha kichwa ndani taratibu. Mwanamume yule akiona mke wake na dada yake wamekabiliana, hukumbuka ghafla kwamba ana kazi chumba cha nyuma.

Niseme mambo yalivyo, msije mkamwona wifi mtu wa kununa ovyo. Yeye ni mfungaji wa timu yetu ya netiboli. Ameichezea tangu akiwa msichana wa shule, na hajawahi kucheza fainali hata moja. Mara ya kwanza timu ilipofika fainali alikuwa na mimba ya miezi saba, akashangilia kwa kukaa. Mara ya pili aliteguka kifundo cha mguu kwenye nusu fainali, akatazama mechi kwa magongo. Sasa magoti yanamlilia kila akipanda ngazi, na ameshatangaza kwamba msimu huu ukiisha anatundika raba. Fainali ya kesho ilikuwa ya tatu na ya mwisho. Ikimpita hiyo, basi tena.

Nafasi anagombea na Fataki, binti mrefu, mwepesi, mwenye mdomo. Msimu mzima Kocha aliwachezesha kwa zamu, mechi hii huyu, mechi ile yule, hadi kila mmoja akacheza kumi na moja. Siku Fataki akiwaka anafunga mabao arobaini na uwanja wote unasimama. Siku asipowaka, hata moshi huuoni. Wifi yangu wao wanamwita Palepale, kwa sababu kila siku anafunga yaleyale, amesimama palepale karibu na pete, kwa mkono uleule. Watu hulipa kiingilio kumwona Fataki. Palepale akifunga, wanaulizana nani ana karanga.

Na mimi? Mimi ni mwalimu wa hisabati, na ndiye mtu wa takwimu wa timu. Nilipojiunga nilimkuta Kocha anachagua wachezaji kwa kukumbuka, na kumbukumbu yake ilikuwa na wapenzi wake. Nikamfundisha mchoro wa shina na majani. Ni kitu chepesi. Unapiga mstari wima ubaoni. Kushoto unaandika makumi, hilo ndilo shina. Kulia unaandika mamoja, hayo ndiyo majani, kila mechi na jani lake, dogo kwanza na kubwa mwisho. Mtu akifunga ishirini na saba, unatafuta mbili kwenye shina, unaweka jani la saba. Ukimaliza, unatupa jicho mara moja na kuuona msimu mzima wa mtu: wapi amejazana, wapi ametawanyika, wapi pako wazi.

Kocha aliupenda mchoro ule kuliko alivyotupenda sisi. Zaidi alipenda kukata majani. Unakata moja la chini kabisa na moja la juu kabisa, tena na tena, mpaka libaki la katikati. Lililobaki ndilo lako, na mwenye jani la kati kubwa ndiye anayeanza. Wastani hautaki kuusikia, anasema siku moja ya bahati inaupotosha. Mchezaji akija kulia, Kocha anamwonyesha ubao na kuendelea kula chungwa.

Kwa hiyo nilielewa kwa nini wifi amenuna. Nisichoelewa ni hiyo ishirini na nne. Namba zake nazijua kama ninavyojua njia ya jikoni kwangu.

"Nani kasema ishirini na nne?" nikamuuliza.

"Ubao."

"Ubao hauna mdomo. Vaa viatu twende."

Chumba cha kubadilishia nguo kilinuka rangi mbichi. Wageni wa fainali walikuwa wanakuja, basi kuta zilipakwa upya, na ubao nao ukapigwa rangi nyeusi hadi ukang'aa. Chati zangu zote zilikuwa zimeondoka na vumbi lake. Mahali pake palikuwa na chati mpya, zimepigwa rula, namba za duara safi kama zimechapwa kiwandani. Huo mkono niliujua. Ulikuwa wa mtunza jezi wetu, ambaye kila mtu anamwita Stoo, mtu nadhifu kupita kiasi, anayekunja soksi kwa jozi na kuzipanga kwa urefu.

Nikatafuta jina la wifi yangu. Kwenye shina la moja kulikuwa na tisa. Kwenye shina la mbili kulikuwa na moja, nne, saba, nane. Basi.

"Hesabu majani yako," nikamwambia.

Alihesabu kwa kidole. "Matano."

"Ulicheza mechi ngapi?"

Alikuwa ameanza kuelewa, na mkono ulibaki hewani karibu na ile saba.

Niliita kwa sauti ambayo naitumia kwa kidato cha pili. Stoo alitoka na pasi mkononi.

"Stoo, saba nyingine ziko wapi?"

"Saba ipo hapo, Mwalimu."

"Hiyo ni moja. Zilikuwa tano."

Alinitazama kwa huruma kabisa. Akaweka pasi chini, akanong'ona ili wifi asisikie. "Ndiyo maana nikazisafisha. Ulikuwa umezirudia. Nane nazo ulizirudia, mara tatu nzima. Nikasema, Mwalimu kachoka, mitihani ni mingi. Nikakusitiri."

"Ukanisitiri!"

"Mwalimu, mimi hapa nagawa jezi tangu hujaja. Saba ni moja. Nikikuta saba mbili uwanjani, najua kuna mmoja kavaa isiyo yake, na refa atapuliza filimbi. Namba hairudiwi."

Nilikuwa nimeshajaza kifua kwa maneno ya kumrarua. Nilikuwa nayo mazuri kweli. Lakini nikamwona alivyosimama pale, rula mfukoni, mtu aliyefanya kazi yake vizuri kuliko alivyoombwa, hasira ikanitoka. Aliyeanza kucheka ni wifi. Alikaa kwenye benchi akacheka mpaka akashika mbavu, kisha kicheko kikageuka, akajifuta macho kwa ile jezi mbichi aliyokuja nayo begani.

"Kwa hiyo nimefutwa kwa sababu nafunga sawasawa," alisema. "Ningefunga ovyoovyo nisingepoteza hata moja."

Na ndivyo ilivyokuwa. Fataki hakuwahi kufunga idadi moja mara mbili, kwa hiyo majani yake yote kumi na moja yalikuwepo, yamenawiri. Wifi yangu alikuwa amepukutishwa sita. Jana yake, kama Stoo alivyotueleza, Kocha alikuwa kwenye kikao cha waandaaji, akampigia Stoo simu kuuliza majani ya kati, Stoo akakata kwa uaminifu na kumsomea, Kocha akaandika kikosi bila kuona ubao.

"Stoo, hizi si jezi," nikamwambia taratibu. "Kila jani ni siku. Mtu anaweza kufunga ishirini na saba leo, wiki ijayo akafunga ishirini na saba tena. Ni siku mbili, ni jasho mara mbili."

Alizitazama namba zake nzuri. Akavua kofia. "Kwa hiyo nimemvua mama wa watu jezi sita."

"Sita."

Alikimbia stoo kuleta karatasi za matokeo zilizosainiwa na marefa.

Kocha aliingia wakati huohuo, filimbi shingoni. Ni mama mfupi, mpana, na filimbi ile haivui hata akienda msibani. Mkononi alikuwa na orodha ya kikosi, ambayo ilitakiwa ifike kwa waandaaji kabla ya saa sita mchana. Nyuma yake alikuwa Fataki, anatafuna bablish. Nilimweleza Kocha kilichotokea kwa pumzi moja.

"Mwalimu," alisema, "nakuheshimu. Lakini huyu ni wifi yako. Nikibadilisha kikosi kwa maneno yako, kesho nitaambiwa naendesha timu ya ukoo."

"Sawa. Sisemi neno. Stoo asome karatasi za marefa, wachezaji wenyewe waandike. Mimi nakaa hapa."

Nikakaa. Mume wangu angelipa kuniona nimekaa kimya hivyo.

Kocha alichora shina moja katikati ya ubao, kutoka sifuri hadi nne. Kulia akamweka Fataki, kushoto akamweka Palepale, kila mmoja na chaki yake. Shina moja, majani pande mbili, kila upande ukianzia karibu na shina kwenda nje. Stoo alisoma kutoka bao dogo kwenda kubwa, na kila alipofika ishirini na saba nyingine alimtazama wifi kama anayeomba radhi. Walipomaliza, ubao ulikuwa hivi:




                    | 0 | 8
                  9 | 1 | 1 5 9
8 8 8 7 7 7 7 7 4 1 | 2 | 2 6
                    | 3 | 3 5 8
                    | 4 | 1 4




Fataki aliacha kutafuna. Upande wake majani yalikuwa yametapakaa kila shina kuanzia juu hadi chini. Upande wa wifi yangu kulikuwa na tawi moja refu, limeelekea dirishani.

"Kateni," alisema Kocha.

Wakakata. Fataki akakata nane ya sifuri na nne ya arobaini. Wifi akakata ile tisa ya shina la moja, pamoja na nane moja ya mwisho. Chaki zililia. Wakaendelea, huku na huku, mpaka kila upande ukabaki na jani moja. La Fataki lilikuwa sita kwenye shina la mbili. La wifi yangu lilikuwa saba, na pembeni yake saba nyingine zilizokatwa.

"Ishirini na sita," alisema Kocha. "Ishirini na saba."

"Bao moja!" Fataki alilipuka. "Kocha, bao moja tu! Mimi nina arobaini na nne pale. Yeye thelathini hajawahi kuiona hata ndotoni!"

Ilikuwa kweli. Niliuma ulimi hadi nikasikia ladha ya chumvi. Wifi naye alisimama na chaki, akajishikiza kwenye benchi kulipumzisha goti la kulia.

Kocha alikata kipande cha chungwa, hakukila. "Fataki, mwanangu. Wale wa kesho tumekutana nao mara ngapi? Walinzi wetu wanawabana kwenye arobaini na tano hivi. Kapteni akicheza mbele anatuletea ishirini. Sasa mfungaji wangu anatakiwa anipe ngapi ili nishinde?"

"Ishirini na sita."

"Hesabu siku ulizonipa ishirini na sita au zaidi."

Binti alihesabu, midomo ikicheza. "Sita."

"Mhesabie na mwenzako."

Alichukua muda. Aligusa kila saba, kisha kila nane, kwa ncha ya kidole. "Nane," alisema kwa sauti ya chini. Kisha, bila kuambiwa, alirudi upande wake na kuitazama ile nane iliyokaa peke yake kwenye sifuri. Wote tuliikumbuka mechi ile. Alilia ndani ya choo mpaka taa za uwanja zikazimwa.

"Dada," alimwambia wifi yangu, "nilidhani wewe unafunga kidogo tu."

"Nafunga kidogo," alijibu wifi. "Ila kila siku."

Kocha akachomoa kalamu, akakata jina moja na kuandika lingine juu yake, akampa Stoo karatasi aikimbize kwa waandaaji. Kwa Fataki alisema, "Benchi utakaa na raba zimefungwa kamba. Nikikuita usinitafutie soksi." Kisha akala chungwa lake.

Njiani kurudi nyumbani wifi alinishika mkono, jambo ambalo hajafanya tangu siku ya harusi yangu, na siku hiyo alikuwa ameagizwa. "Nilikuita mkata majina," alisema.

"Ulinikosea. Utanifulia wiki nzima."

"Siku mbili."

"Tano, na pasi juu."

Jumamosi uwanja ulijaa hadi watu wakakaa kwenye ngazi. Jina la Palepale liliposomwa kwenye kikosi cha kuanza, jukwaa lilizomea. Sisemi uongo, lilizomea. Wakaimba "Fataki! Fataki!" na mume wangu, ambaye kwa kawaida ni mpole kama mto wa kulalia, akapanda juu ya kiti chake akawaambia wazomee nyumbani kwao. Mimi nilikuwa mezani pa takwimu na kalamu yangu.

Wifi alikosa mpira wa kwanza. Akakosa wa pili. Wa tatu ukazunguka pete na kutoka, na mlinzi wao, mwanamke mwenye mikono ya kuchumia nazi bila kupanda, akamcheka usoni. Nilitamani kuingia uwanjani mwenyewe. Kocha hakugeuka hata kutazama benchi. Wifi alipangusa viganja kwenye sketi, akarudi palepale, akasubiri, akapokea, akarusha kwa mkono uleule. Ndani. Mpira uliofuata, ndani.

Kuanzia hapo ilikuwa ni kazi tu. Hakuruka juu, hakuchezesha mtu, hakufanya lolote la kupigia picha. Mlinzi alimsukuma, alisogea, akarudi palepale. Walifunga, tukafunga. Hadi mapumziko alikuwa na kumi na tatu. Kwenye robo ya tatu nilisikia jukwaa limenyamaza, na nilipoinua macho niliona watu wanahesabu kwa vidole. Mtu mmoja aliye nyuma yangu alisema, "Huyu mama hakosi jamani," kama aliyegundua jambo jipya.

Robo ya mwisho ilipokaribia kwisha matokeo yalikuwa arobaini na sita kwa arobaini na sita. Kapteni alikuwa ameleta ishirini zake. Wifi yangu alikuwa na ishirini na sita. Mpira ulikuwa wetu. Sikuangalia saa, niliangalia goti lake.

Kapteni alipata mpira pembeni, akazuiwa, akageuka, hakumtafuta mtu. Alitupa tu mahali pale ambapo hakuna haja ya kutazama, kwa sababu msimu mzima mtu mmoja amesimama hapo. Wifi aliudaka. Mikono ya mlinzi ikapanda mbele yake. Naye akarusha, juu zaidi ya kawaida kidogo, na mpira ukashuka katikati ya pete bila kuigusa. Refa akapuliza filimbi ya mwisho.

Sikumbuki kupanda juu ya meza. Wanasema nilipanda, na kwamba nilipiga kelele za mtu aliyevamiwa na nyuki. Ninachokumbuka ni kwamba wa kwanza kumfikia wifi yangu alikuwa Fataki, raba zimefungwa kamba barabara, akamnyanyua juu mzimamzima, na jukwaa lote, walewale waliozomea, likaanza kupiga makofi na kuimba: "Pale! Pale! Pale! Pale!" Wifi alikuwa juu ya mabega ya binti yule, analia mdomo wazi, hajifichi. Mume wangu hakubaki na sauti. Alikuwa anapunga shati.

Kwetu kuna utaratibu: kila mchezaji huandika jani lake mwenyewe baada ya mechi. Tulipoingia chumbani tulimkuta Stoo amesimama kando ya ubao, kofia mkononi. Usiku wa jana yake alikuwa ameirudia chati yote upya, bila mikato, saba zote tano zimo, nane zote tatu zimo, kwa ule mwandiko wake wa kiwandani. Kati ya saba ya mwisho na nane ya kwanza alikuwa ameacha nafasi ya jani moja.

"Stoo," nikamuuliza, "uliijuaje?"

"Sikujua, Mwalimu. Nilitazama tu zilipojazana."

Akampa wifi chaki mpya, ndefu, ambayo haijavunjwa. Wifi aliipokea kwa mikono miwili. Akaandika saba, kubwa kuliko zote, mkia wake ukagusa nane ya jirani. Kisha akanigeukia, vumbi jeupe puani, medali imegeuka mgongoni.

"Wifi, hesabu."

Nikahesabu kwa sauti, na timu nzima ikahesabu pamoja nami, Stoo akipaza kuliko wote. Zilikuwa sita.